Jicho la Wavu

Kule Kano udongo haujui kutulia.
Kiangazi hupasuka, ufa ukameza fimbo ya mchungaji
na kiatu cha mtoto wa shule.
Masika hufura kama unga uliotiwa hamira,
ukapinda mlango wa kanisa, ukainua vizingiti.
Tunauita udongo wa pamba.
Pamba gani hii, iliyokwisha kuvunja barabara tatu
nami ningali hai?

Nilianzia maabara, Kisumu, chumba chenye feni moja mbovu.
Sanduku la chuma, udongo umeshindiliwa ndani,
katikati nimelaza wavu mweusi wa plastiki,
ncha yake nje, imebanwa kwenye jiliwa.
Kazi yangu ni kuvuta
na kusoma mshale.

Udongo mkavu ulishika.
Uliolowa uliuachia wavu taratibu, bila kelele,
kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi.
Nikaongeza uzito juu. Ukashika tena, kidogo.
Kisha nikamwaga kokoto badala ya udongo:
zikaingia matunduni, kila moja na jicho lake,
zikajitia kabari.
Mashine ikanguruma, mshale ukapanda, ukapanda,
wavu ukakatika
kabla haujateleza.
Tangu utotoni naambiwa chembe jichoni ni maumivu.
Hapa chembe ndiyo mshiko.

"Andika, Akumu," akasema Mhandisi Wasilwa,
"usitabasamu."
Niliandika.

Tukaenda kutandika. Kwanza kitambaa cheupe,
maji yapite, tope libaki chini lilipozaliwa.
Juu yake wavu, juu ya wavu kokoto,
vijana wakiukaza kwa vigingi, jua likiwakaza wao.
Jora moja la kitambaa likapotea.
Tuliliona wiki ya pili kwa Min Adundo, msuka mikeka ya mafunjo:
amelizungushia kitalu cha nyanya
ili mvua isimkombee udongo.
Hakujificha. Akauliza,
"Na ninyi mnamtandikia nani?"
Barabara, mama.
"Kumbe nayo hulala?"

Aprili Mto Nyando ulitoka kitandani mwake.
Maji yalikaa siku tisa.
Yalipoondoka barabara ilikuwa imebonyea, vidole viwili,
na simu ya Wasilwa haikunyamaza:
nani alichora huu upuuzi, chimbueni, ng'oeni.
Mimi nilikuwa na uzi, misumari miwili na rula.
Nilipima asubuhi. Vidole viwili.
Nilipima malori ya miwa yalipokwisha kupita, yamejaa hadi kufumba anga.
Vidole viwili.
Kesho yake, keshokutwa, vidole viwili.

Nikamwambia: wavu haubebi mpaka uvutwe.
Ukilala tu, haujanyooshwa na kitu,
ni pambo lililofukiwa.
Lazima ardhi isogee kwanza, isogee kidogo,
ndipo uzi mmoja mmoja uamke
na kudai sehemu yake ya mzigo.
Hiki unachokiona si kuvunjika.
Ndiyo kwanza wameanza kujuana.

Alinyamaza. Akaomba rula, akapima mwenyewe.

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hakukanyaga udongo wa Kano.
Mwaka ule ndugu zangu wanne hatukuwa tunasemezana,
na baba akafa, na jeneza likatuweka mabegani, wawili kila upande;
nilisikia bega la Odero likishuka
na langu likikaza,
sikuwa nimelituma.
Sisemi tulipatana. Nasema tulifika kaburini.

Nikaandika ripoti: mbonyeo, umekoma.
Mteremko, salama. Maji, yanapita.
Kwenye orodha ya vifaa, penye lile jora lililopotea,
nilikaa na kalamu muda mrefu,
nikikumbuka kitalu cha Min Adundo baada ya gharika,
udongo wote mahali pake,
nyanya zimeshikilia.
Nikaandika: *Limetumika.*