Dakika Kumi na Tisa

Kijana wa duka, Mtaa wa Agrey, alinipangia tatu juu ya kioo.
Hii ina matundu manane, bosi, bendi nzima inaingia
na mpiga tumba anapata kiti.
Mimi sina bendi.
Nina maiki moja, mashuka mawili ya kuzuia mwangwi,
na Ndahani, mlinzi wa ghala la mchele,
anayetoka lindo alfajiri na zeze lake ndani ya sandarusi.
Nikaishika ile ndogo, nyekundu, ya matundu mawili,
nikaipima mkononi kama anunuaye papai.
Hiyo ni saundi kadi ya wanaoanza, akasema.
Nikamwambia, basi ndiyo yangu,
naanza, nina miaka arobaini na moja.

Nyumbani, Buguruni Malapa, laptopu ikaikana.
Waya niliopewa ulikuwa wa kuchajia tu:
unapitisha umeme, haupitishi neno.
(Nimewahi kuishi na mtu wa hivyo. Tuyaache.)
Waya mwingine, elfu nane. Taa ya kijani ikawaka.
Nikapiga kofi moja
na kofi likanirudia masikioni limechelewa,
kama mdaiwa: anakuja, ila si saa mliyopatana.
Nikashusha bafa, sauti ikatatarika, chumvi kwenye mafuta ya moto.
Nikapandisha. Nikashusha.
Mia mbili hamsini na sita, hapo tukaelewana.

Ukabaki mvumo.
Mmmmm, chini ya kila kitu,
kama mgeni asiyeaga.
Nikabadili maiki, tundu, soketi.
Nikazima feni, tukatota jasho wote wawili.
Nikachomoa chaja, nusu ya mvumo ikaondoka,
nusu ikajivutia kigoda.
Fundi Kitwana akaja, tesita imechomekwa sikioni,
akachungulia ukutani akacheka:
nyumba hii haina waya wa ardhi,
tundu lako la tatu ni pambo.
Na nyuma ya ukuta huo huo
Mama Shufaa ana friji mbili za barafu za ubuyu,
ndizo ada, ndizo kodi, ndizo viatu vya shule.
Nani ataenda kumwambia azime?

Alhamisi, Ndahani yuko mapumziko,
saa moja na robo usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Watu wakalaani, kila mmoja kwa lugha ya kwao.
Mashine ya kusaga ikafa katikati ya debe la mtu.
Mimi nikavaa hedifoni.
Kimya.
Nje palikuwa na makelele bado, lakini ndani ya waya, kimya,
kile nilichokuwa nakilipia tangu Machi
bila kukabidhiwa.
Ndahani, kaa. Piga.
Betri inasema dakika kumi na tisa
na ni betri kongwe, huwa inadanganya.

Akapaka ulimbo kwenye upinde, bila haraka,
huku mimi nikifa.
Kisha wimbo wa mama yake, wa kupura mtama.
Nilisikia upinde ukiufikia uzi kabla ya sauti yenyewe,
pumzi ikipita puani,
kifungo cha sare ya ulinzi kikigonga kibuyu, tik,
kila mahali ambapo mchi ungetua.
Asilimia tisa. Sikumwambia.
Ubeti wa nne akaurudia, sijui kwa nini.
Asilimia nne.
Akaunyoosha uzi wa mwisho mpaka ukaisha wenyewe,
akabaki amefumba macho,

na mtaa mzima ukalipuka:
Heeeeeee!
Watoto, wakubwa, hadi wale waliolaani.
Balbu ikamwaka usoni. Friji za jirani zikakohoa, zikaendelea.

Akafumbua macho.
Wananishangilia mimi?

Kwenye kioo niliiona shangwe ile, kilima cheusi
kimesimama baada ya uzi wa mwisho, mkasi wangu tayari pembeni yake.
Nikachomeka chaja.
Ndiyo, nikasema. Wewe.