Uzito wa Komba

Daktari wa Nyangao alinishika mkono, akasikiliza,
akasema, "Wewe huna ugonjwa. Una msimu."
Kweli. Tangu Oktoba nalala na mizani masikioni,
gunia juu, gunia chini, themanini, themanini na moja,
na mkulima ananitazama mimi, haitazami sindano,
kana kwamba kilo zake nimezifutika kwenye kanga.

Ndiyo maana leo, Jumapili, nimekuja Lutamba.
Nimevua viatu. Nimekalia mianzi.

Chelezo ni cha Akwilini Nampanda.
Mianzi kumi na minane (nimehesabu, siwezi kuacha),
imefungwa kwa kamba za magome, hakuna msumari.
Ule wa tatu kutoka kushoto umepasuka,
ukiguswa na maji unaguna
kama mama mjamzito anayeinuka mkekani.
"Huo usiukanyage," ananiambia. "Unasema sana."

Anachoma upondo topeni, anausukuma, anauacha.
Ziwa linapenya kwenye nyufa, linanilowesha gauni.
Nilidhani nitakasirika.

Jua linabaki nyuma, kule kwenye magugumaji.
Msitu wa Litipo unatufunika polepole
kama mtu anavyofunika chungu asije akaamsha watoto.
Huku mchana una rangi ya mchaichai.
Mizizi imeshuka majini kunywa, haijapanda tena.
Harufu ya uyoga, ya majani yaliyooza, ya mvua ya juzi.
Hondohondo anapita juu, mabawa yanahema,
na sisi chini hatuna haraka ya kumpisha.

Simu inatetemeka kifuani, mara moja tu:
bei ya mnada. Kabla sijaisoma mtandao unakata,
nami nafurahi kwa siri
kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu hesabu kaugua.

Halafu Nampanda anakita upondo.
Hasemi. Ananyoosha kidevu:
mti, tundu, giza dogo lisiloenea kiganja.
"Mle amelala komba."
"Komba yupi?"
"Yule mdogo, wa huku kwetu. Mkia kama brashi ya kuoshea chupa."
"Ana uzito gani?"
Swali limetoka kabla sijalizuia.
Anafikiri. Anafumba mkono, anaufumbua.
"Konzi moja ya korosho," anasema. "Zilizobanguliwa."

Konzi moja.

Nimepima tani ngapi mwaka huu, mimi,
na hakuna gunia hata moja lililonishusha pumzi.
Na hapa kuna kiumbe kizima,
na macho yake, na woga wake, na deni lake la usingizi,
pengine na mwanawe kifuani,
konzi moja tu,
na mti umempokea bila stakabadhi.

Nimejilaza chali.
Majani, kisha mwanga, majani,
kisha sijui.
Upondo unaingia majini: chubwi.
Nilianza, moja, mbili, nikafika kumi na kitu
nikapotea, na sikurudi kutafuta.
Mwanzi wa tatu ulikuwa unaguna chini ya bega langu
na mimi nikawa namwitikia, "Mmh. Mmh,"
kama majirani wawili wanaochambua mchele.

Jua la saa kumi ndilo lililoniamsha.
Tumeshagota ukingoni, Nampanda anafunga kamba,
mgongo wangu una mistari kumi na minane,
au kumi na saba, sikumwomba mtu anihesabie.

Nikampa pesa yake.
Akalowesha kidole gumba, akazihesabu noti,
akageuka upande, akazihesabu tena,
akinitupia jicho kwa pembeni
kana kwamba moja nimeifutika kwenye kanga.

Nikacheka mpaka nikakaa chini.
Yeye hakuelewa. Akahesabu mara ya tatu.