Sikio Halipiti Kichwa

Miaka arobaini na mmoja nimekaza nyuzi za piano za Plovdiv,
za shule ya muziki, za ukumbi wa reli,
za mjane wa daktari aliyenilipa
kwa mitungi ya pilipili za kuchoma.
Leo jirani ana kichanga, ukuta ni mwembamba kama kadi,
na muziki wangu umeamriwa upite kwenye waya
uje moja kwa moja masikioni, usimwamshe mtu.

Basi natafuta kigeuzi:
kijisanduku cha kupokea sufuri na moja,
sufuri na moja, kama mhasibu asiyelala,
kisha kuzirudisha ziwe mawimbi,
ziwe nyundo, ziwe uzi, ziwe mbao inayopumua.

Radostin wa dukani ana ndevu na maneno.
Ameniazima viwili kwa wiki moja.
Kimoja cheusi, kizito kama tofali,
kitufe chake cha sauti kinazunguka kama kimepakwa siagi,
bei yake pensheni yangu ya miezi mitatu.
Cha pili ni kiberiti chenye mkia,
bei yake viatu vya mvua.
"Hiki kikubwa," akasema, "kina joto, kina nafasi.
Utasikia pazia likiondolewa."
Nikatikisa kichwa. Hakujua kuwa mimi ndiye
niliyekuwa nikiwaambia wateja piano zao zina roho.

Usiku wa kwanza, tofali. Loo!
Mkono wa kushoto wa mpigaji ulikuwa na uzito,
nikakiona kiti chake, nikaliona hata vumbi.
Usiku wa pili, kiberiti:
supu iliyosahauliwa chumvi.
Nikaandika daftarini: Tofali. Hakuna mjadala.
Nikaanza kuhesabu cha kuuza.

Jumamosi akaja mjukuu wangu Yoana,
fundi wa mitambo ya maji,
asiyeamini chai ni ya moto mpaka aone kipimajoto.
Akagusisha sindano za mita, akacheka puani.
"Babu, kikubwa kinapiga kelele zaidi.
Desibeli mbili. Basi."

Desibeli mbili!
Debe tupu haliachi kuvuma,
nami niliyetembea na uma wa sauti mfukoni tangu ujana
nimeuziwa kelele, kama mtoto anavyouziwa puto.

Akasawazisha. Akanifunga macho kwa skafu ya bibi yake,
bado ina harufu ya kabati,
akarusha sarafu, akabadilisha waya, au hakubadilisha.
Hiki? Tofali. Na hiki? Kiberiti. Na hiki?
Mara ishirini. Nikapatia kumi na moja.
Sarafu yenyewe, isiyo na masikio, ingepatia kumi.

Tena akanipima mimi.
Juu ya mawimbi elfu nane kwa sekunde
kwangu ni usiku mtupu.
Nilikuwa nanunua dirisha la ghorofa
ambayo ngazi zake zilikwisha kuvunjika.

Sikio halipiti kichwa, husemwa,
nami nilidhani wanasemwa watoto wakaidi.
Kumbe kichwa kilitaka tofali,
sikio likatii,
likachora mpaka vumbi.

Jumatatu nikalirudisha. "Hukusikia?" akauliza Radostin.
Nilisikia sana, nikamwambia. Ndiyo shida.

Sasa saa sita za usiku nakaa na kiberiti changu.
Katika rekodi niipendayo kuna noti moja, fa ya katikati,
imeshuka kwa unene wa unywele.
Haijalalamikiwa na mtu.
Mkono wangu wa kulia hujitafutia ufunguo gizani,
kisha nainua upande mmoja wa hedifoni:
kichanga kinalia, juu kidogo ya la,
safi kabisa, bure.

Lakini kile kitufe.
Siagi ile.
Kitufe kile, jamani.