Tega

Mikono ya Wilfred Garbutt haimtii tena,
inacheza kama kifuniko cha sufuria inayotokota,
kwa hiyo mimi ndiye ninayefunga.
Kila Alhamisi, nyumba ya wazee, Hexham,
ndoano tumeibana kwenye jiliwa kando ya dirisha,
mvua ya Northumberland inagonga bila haraka,
naye anaamuru: uzi mweusi, zungusha, kaza, usilegeze, Aidi.
Mwanaidi lilimshinda, akabaki na mkia wa jina.

Hii ni Ree ya Shupaza:
mwili mweusi, waya wa fedha,
manyoya ya kuku mweusi yamesimama mgongoni
na kooni madoadoa ya kanga,
kanga ndege, si kanga ya kujifunga,
ingawa zote mbili huvaa jina la fumbo.

Hii ni Mwanasesere, sufu nyeupe tupu
iliyobaki kwenye soksi za mjukuu aliyehamia Kanada.
Na hii, yenye bawa pana na ndevu nyekundu, ni Mmishenari.
Nikacheka hadi Bi Dodds akachungulia mlangoni.
Huyu kazi yake ni kushuka taratibu, Wilf akasema,
akiyumba, mpole, mpaka aaminiwe.
Nikamwambia tunamfahamu.

Sharubu za Paka inataka macho,
macho ya shanga za chuma,
ndiyo maana sinki la ghorofa ya pili halina mnyororo
na hakuna anayejua ulikokwenda.

Lakini ni mdudu gani huyu, nikauliza.
Si mdudu. Hakuna mdudu wa hivi duniani.
Trauti ameshiba, amelala kwenye baridi yake,
hataki chochote. Basi unampitishia kitu
puani, kana kwamba hayupo.
Hapo ndipo anapouma.
Akanyamaza. Koridoni kigari cha chai kilipita
bila kusimama mlangoni kwetu.

Nikasema: kwetu Muheza kutega ni kazi mbili,
unatega mnyama, unatega mtu kwa maneno.
Kitendawili! Sema: tega.
"Tega," akasema, kwa ulimi wa kaskazini.
Nyumba yangu haina mlango.
Akajaribu kaburi. Akajaribu jela.
Akatazama dari, akajaribu nyumba hii hii.
Umeshindwa. Sasa nipe mji.
"Mji?"
Ndiyo sheria. Asiyejua hutoa mji.

Akakaa kimya muda wa kufunga kichwa cha chambo
na kukipaka vanishi.
Kisha akanipa Aldersby.
Nyumba kumi na nne, kanisa dogo, karakana ya mhunzi,
mti wa tufaha uliozaa machungu kila mwaka.
Walitaka maji kwa ajili ya viwanda.
Mama yake alifunga mlango, akatia ufunguo kwenye aproni,
kana kwamba maji hubisha hodi.
Chukua, akasema, sijawahi kumpa mtu.
Miaka arobaini nimevua samaki juu ya paa letu.

Jumamosi nikamsukuma hadi ukingoni mwa bwawa,
pale barabara ya lami inapoingia majini bila kuaga.
Nilirusha vibaya: uzi ukanasa kofia yake, kisha magugu,
mara ya tatu ukanyooka.
Hesabu, akasema. Kumi, bomba la moshi.
Kumi na tano, dirisha la chumba changu.
Ishirini. Vuta, fupi fupi, kama mtu anayekatizwa maneno.
Nikavuta. Kitu kikashika,
kizito, hakikupiga mkia, hakikusogea.
"Huo ni mti wetu," Wilf akasema. "Kata."

Nikakata. Ree ya Shupaza imebaki mjini kwangu.

Njiani, ndani ya gari, akadai jibu.
Yai, nikamwambia.
Yai! Akanuna mpaka Hexham.