Paa Juu ya Paa

Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki tatu:
mchezo mdogo wa simu, wa bure, wa Ramadhani,
ufunguke hata kwenye simu iliyopasuka kioo.
Mteja: Laban Ghazali, kiwanda Barka.
Nembo: paa mweupe, mguu mmoja juu.

Nikawaza kwa Kiswahili, kama niwazavyo nikichoka:
paa apae juu ya paa.
Kwa Kiarabu haichekeshi. Ofisini kwetu Ghala
nilicheka peke yangu, na Biju, mchoraji, mtu wa Kerala,
akanitazama juu ya miwani yake.

Basi tukaichora Al Khudh ilivyo:
mapaa bapa, matangi ya maji,
madishi yameelekea upande mmoja kama safu ya waumini.
Paa anakimbia mwenyewe. Yako ni kidole tu.
Gusa, anaruka. Chelewa,
anadondoka uchochoroni kati ya mapipa,
na pakiti ya laban inachomoza, ina macho, ina mdomo:
*Pole. Kata kiu. Jaribu tena.*

Bwana Mundhir wa masoko alikuja na kanzu haina kunyanzi.
Alitaka nembo isitoke kwenye kioo hata sekunde moja,
na pointi mia, zenye zawadi ya katoni,
zipatikane kwa shida.
"Shida kiasi gani?"
Akapima hewa kwa vidole viwili
kama mpishi anayepima hiliki.
Nikaandika: ikifika tisini na saba, mapaa yaachane.
Mstari mmoja wa msimbo. Hauna harufu, hauna damu.
Nikafuturu kwa raha.

Kumi la pili, takwimu zikaanza kusema.
Wengi wao dakika tatu, kwaheri.
Ila mchezaji mmoja, jina hana, ana namba,
saa nane za usiku mpaka daku, kila siku,
majaribio mia mbili na kumi na moja,
upeo wake tisini na saba.
Mundhir akagonga meza: "Huyu! Nitafutie elfu kumi kama huyu!"
Nikaikuza ramani. Nukta ilikaa Al Khudh,
nyuma ya msikiti wenye kuba la kijani.
Nyumba ile naijua. Nimekulia mlango wa tatu.

Bi Thuwaiba.
Tangu Ami Hamdun azikwe, kitanda kile hajakilalia.

Nilimpitia usiku na kisahani cha vitumbua.
Yuko sebuleni, taa hajawasha, uso wote buluu.
"Mwanangu, paa huyu mkaidi!
Akifika tisini na saba moyo unanienda mbio, halafu, pu!"
Sikumwambia kuwa ile pu ni mkono wangu.
"Unaitaka katoni?"
"Ya nini? Laban inanijaza gesi.
Nataka tu avuke, afike kule."
Kule wapi, sikuuliza. Nikala kitumbua changu mwenyewe.

Idi ikapita, kampeni ikafungwa.
Seva tuliizima Jumatatu, Biju akanunua karak.
Lakini Jumapili usiku nilikwisha kaa na nakala:
nikafuta nembo, nikafuta pakiti na pole zake,
nikaufuta ule mstari.
Mapaa sasa yameshikana bega kwa bega
mpaka Sib, mpaka mchanga.
Nikamwekea kwenye simu yake kwa mikono hii,
nikajiona mtu mwema.

Saa nane na robo simu ikalia.
"Amepita mia. Amepita mia tatu. Haanguki."
Kimya. Nilisikia kiyoyozi chake kikikohoa.
"Lakini ile pakiti umeipeleka wapi?
Humu ndani, saa hizi,
nani mwingine alikuwa akinambia pole?"