Uzito

"Nguvu ya injini inauzwa ghali," alisema fundi Lushinge,
akinawa mikono kwa petroli, gereji ya Nyakato.
"Uzito unatupwa bure."

Tukang'oa siti ya nyuma, jeki, tairi la spea,
redio iliyobaki kukoroma tu.
Pesa ya plagi mpya nilikopa.
Matairi ya mbele ya mtumba, laini,
yanayong'ata lami kama deni.

Jumapili, Usagara, mita mia nne:
Starlet yangu ikaipita Subaru
kwa pua ya sangara.

Jumatatu shangazi Nyamizi akatoka Mwaloni
na gunia la dagaa.
Akafungua mlango wa nyuma. Akanitazama.
Akapindua ndoo, akaketi.

"Nina kilo tisini, mwanangu.
Endesha."