Mtoto wa Jicho

Duka la Bi Shigeyo liko nyuma ya stesheni ya Kushiro,
mlango wake hulia theluji inapozishika bawaba.
Ameweka kamera mbili juu ya kitambaa cha kijani,
zote zimetumika, zote hazina kile kioo cha ndani
kilichokuwa kikipiga kofi kila picha.
"Tofauti," anasema, "ni pale unapotia jicho.
Hii ina dirisha. Hii ina skrini. Chai ipo."

Naanza na ya skrini.
Mtaa unanijia ukiwa umekwisha kupikwa:
nikizungusha gurudumu, theluji inatoka kijivu, inakuwa nyeupe,
nikizidisha inaungua, duka la muuza samaki linapotea,
nikirudisha linarudi.
Picha naiona kabla sijaipiga,
kama mtu anayesoma barua huku bado inaandikwa.
Na niseme kweli, naipenda.
Jicho langu la kulia lina mtoto.
Daktari ameshampangia siku, tarehe tisa Machi,
na mpaka hapo kila taa ina ndevu,
kila uso una maziwa.
Ila humu ndani namwona mpita njia mpaka vifungo vya koti.

Ya pili ni tundu lenye kioo safi, basi.
Mistari minne myeupe inaelea juu ya mtaa
na kusema: hapa ndipo picha, kwingine ni dunia.
Lenzi yenyewe inaziba pembe ya chini
kama bega la mtu sinema.
Haijui mwanga. Haijui kama nimekosea.
Lakini yule mvulana anayeburuta kigari cha theluji
namwona akija, nje ya mistari,
moja,
mbili,
anaingia.
Kwenye skrini angetokea ghafla, kama deni.

Nilikuwa mtu wa ishara kwenye reli, miaka thelathini na minane.
Kazi yangu ilikuwa kuamini taa ndogo ubaoni,
si treni. Treni nilizisikia tu, zikitikisa kikombe.
Alfajiri moja ya Februari maji yaliingia kwenye waya,
ubao ukaapa kwamba reli ya pili ina behewa.
Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa kwenye baridi ya kukata masikio.
Reli tupu. Mbweha mmoja anavuka bila tiketi.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.
Ubao haukudanganya kusudi, ulisema ulichoambiwa.
Ila mbweha hakuwa na taa yake.

"Unataka kupiga nini?"
Korongo, nasema. Kule mtoni, wanapoamka na miguu majini.
"Baridi ya kule hula betri.
Marehemu mume wangu alizilaza kwapani kama mayai."
Hasemi marehemu alichagua ipi, nami siulizi.
Yuko ukutani, kwenye fremu nyeusi,
anamcheka mtu aliye nje yake.

Narudia dirisha kwa jicho la kulia: maziwa.
Aibu kidogo.
Najaribu la kushoto.
Tundu liko pembeni, wameliwekea watu wa jicho la kulia,
kwa hiyo kamera nzima inanilalia usoni,
pua imebanwa, shavu limepoa,
na jicho bovu limefunikwa na chuma, gizani,
mtoto wake amelala.
La kushoto linamwona muuza samaki akifuta ubao wa bei,
mvuke wa kaa waliochemshwa, kunguru kwenye waya,
na kunguru wa pili, ambaye hamo.

"Hii," nasema.
Anaichukua aifute. Kwenye kioo cha nyuma
kuna doa la mafuta, la mviringo, saizi ya pua yangu.
Analipulizia pumzi, anasita, analiacha.
Kwenye risiti anaandika polepole:
*Hali: nzuri. Ina alama ya mwenyewe.*